Kunguru Tisa na Uso wa Mama Popo

Jumatatu, 4 Machi

Wasomaji wa blogu wiki iliyopita: wanne. Mmoja ni mimi kwenye simu. Wa pili ni mimi kwenye kompyuta. Wa tatu ni binti yangu, nadhani. Wa nne alikaa sekunde sita akaondoka. Huyo si msomaji, ni mpita njia.

Na makala yenyewe ilikuwa nzuri! "Kutu: Adui Asiyelala." Maneno elfu tatu, majedwali mawili, picha hakuna. Blogu inaitwa Sayansi Bila Mapambo. Nimefundisha fizikia miaka thelathini na moja bila mapambo, na hakuna mwanafunzi aliyelalamika. Walikuwa wanalala, lakini hawakulalamika.

Jioni ujumbe kutoka kwa binti. Moyo ukanienda mbio. Anafanya kazi maabara ya hospitali, mji wa mbali, na hatujaonana tangu mwezi wa saba mwaka jana. Nilidhani ananipongeza kwa kutu. Kumbe ametuma kiungo cha blogu ya mtu mwingine. Anasema nimsome huyu mama, anaandika vizuri sana, tena yuko mji huu huu wangu. Halafu anasema Jumamosi tarehe 23 atapita hapa akitoka semina, siku moja tu, na angependa nimwalike huyo mama tukae wote watatu.

Siku moja, na hata hiyo ni ya kugawana.

Nikafungua kiungo. Popo! Mkunga mstaafu, mtu mzima na heshima zake, anaandika kuhusu popo. Anajiita Mama Popo bila haya. Wasomaji elfu kumi na moja.

Niseme ukweli, kwa kuwa shajara nayo haina wasomaji: nimeumia. Mtoto yule alikuwa akikaa jikoni nikimweleza kwa nini birika linapiga mluzi, na akiuliza swali juu ya swali mpaka mama yake anatufukuza. Sasa anauliza kwa mtu mwingine.

Jumatano, 6 Machi

Nimesoma makala zote za Mama Popo. Mia moja na arobaini. Macho yamewasha mpaka nimeyawekea kitambaa chenye maji. Si kwamba nimependa. Ni kumjua adui.

Ujanja wake nimeugundua. Akitaka kueleza mwangwi, anamleta popo. Joto la mwili, popo. Mvutano wa dunia, popo yule yule, safari hii kichwa chini. Nikapitia blogu nyingine za sayansi: mambo ni hayo hayo. Huyu ana paka anayeangukia miguu, yule ana pweza anayefungua chupa, mwingine ana panya anayehesabu. Mnyama anafanya kazi, mwanablogu anakula sifa. Msomaji wa siku hizi haingii mpaka aone mkia.

Basi na mimi natafuta mnyama. Dawa ya moto ni moto.

Nimeanza na paka wa jirani yangu wa ghorofa ya juu, fundi cherehani, mjane. Nilimwazima paka huyo kwa saa moja, nikamwangusha kutoka kitandani nikiwa na saa mkononi. Aliangukia miguu, sawa kabisa na nadharia. Kisha akanipanda mkono kwa kucha zote. Fundi cherehani akasema mtu mzima kumwangusha paka ni aibu. Nikamweleza kwamba ni sayansi. Akasema basi nijiangushe mwenyewe.

Jioni kunguru akatua dirishani, akala ukoko wa mkate. Akanitazama kwa jicho moja, kisha akageuza kichwa akanitazama kwa lile la pili. Ni muda mrefu hakuna aliyenitazama mara mbili.

Ijumaa, 8 Machi

Kunguru ni tisa. Wanakaa kwenye ukuta wa ua na kwenye antena. Nawapa mkate asubuhi na jioni, nikiwa na fulana yangu nyeupe ya nyumbani. Mmoja ana kasoro mguu wa kushoto, anatembea akisimama kila hatua na kutazama chini kama anakagua sakafu. Nimempa cheo cha Mkaguzi. Nimemsomea makala ya kutu. Amesikiliza mpaka mwisho. Mkate ulikuwa bado mkononi mwangu, lakini hilo halihusiani.

Halafu nikasoma jambo. Kunguru hukumbuka uso wa mtu. Ukimfanyia ubaya hasahau, na anawaambia wenzake. Watakuzomea kila ukipita, miezi na miezi.

Nikaweka kikombe chini taratibu. Wazo zuri halitaki kushtuliwa.

Mpango ni huu. Nachapisha uso wa Mama Popo. Nauvaa. Nikiwa ndani ya uso huo, nawachokoza kunguru. Nikiwa na uso wangu, nawalisha. Tarehe 23 Mama Popo anaingia uani, mpenzi mkubwa wa wanyama, na mbele ya macho ya binti yangu wanyama wenyewe wanamkataa! Mimi najitokeza, namwokoa. Binti anaona nani hasa anaelewana na viumbe. Mama Popo anaaga mapema. Tunabaki sisi wawili na birika mpaka basi lake la saa kumi.

Nimemwandikia Mama Popo mwaliko wa heshima. Amejibu ndani ya dakika mbili, anakuja, ataleta ndizi. Mtu gani anajibu ndani ya dakika mbili? Hana kazi.

Jumatatu, 11 Machi

Duka la kuchapisha. Picha nimeitoa kwenye blogu yake: anacheka, meno yote nje. Dada wa dukani akauliza kama huyu ni mama yangu. Nikasema ni mtafiti mwenzangu. Akanipa pole, maana wanaochapisha picha kubwa namna hii huwa wamefiwa. Nikasema bado. Hakuuliza tena.

Nimebandika uso kwenye kadibodi, nikatoboa macho, nikafunga lastiki niliyoitoa kwenye suruali ya kulalia. Suruali sasa naishika kwa mkono. Sayansi ina gharama zake.

Nikajaribu mbele ya kioo cha bafuni. Mama Popo akanitazama akicheka. Nilisimama pale kuliko ilivyohitajika. Hakuna aliyecheka ndani ya nyumba hii tangu mama yake binti afariki, miaka sita sasa, na hata kicheko cha karatasi kina joto lake.

Jumatano, 13 Machi

Jaribio limeanza. Midomo ya kunguru ni mikali, kwa hiyo nimevaa koti langu la kijivu, zito, alilonichagulia marehemu kwa ajili ya mahafali ya binti. Ndilo koti pekee nililo nalo. Nikavaa uso. Nikatoka na ufagio na sufuria. Nikapiga sufuria, nikapunga ufagio, nikazunguka ua mbio mara nne. Kunguru wakapaa kwa kelele zilizosikika mtaa mzima.

Kugeuka, fundi cherehani yuko kwenye ngazi na beseni la nguo. Akauliza kama mwalimu nina homa. Nikamjibu, nikiwa bado ndani ya uso wa Mama Popo, kwamba mimi mzima kabisa. Akarudi juu na nguo zake bila kuzianika.

Jioni fulana nyeupe, uso wangu, mkate. Wote tisa wamekuja.

Jumamosi, 16 Machi

Siku nne tu na tazama! Nikitoka na uso wa Mama Popo, hata sufuria sijaigusa, wananizomea. Jana mmoja alinidonoa begani. Nisingekuwa na koti ningeumia. Nikitoka na fulana, wanashuka mpaka kwenye kandambili zangu. Wahenga walisema kunguru hafugiki. Wahenga hawakupanga jaribio lao vizuri.

Mkaguzi ameleta kifuniko cha chupa, akakiacha dirishani. Sijui kama ni zawadi au kilimponyoka. Nimekiosha, nimekiweka mezani mbele ya kiti changu.

Nilitaka kumpigia binti nimwambie. Nimeshika simu, nimetafuta jina lake, kisha nikakumbuka kwamba ni siri. Nikamsimulia Mkaguzi mwenyewe, lakini yeye habari alikuwa nayo.

Jumanne, 19 Machi

Nimeshindwa kuvumilia. Nimeandika makala: "Kunguru Anakujua: Ushahidi Kutoka Uani Kwangu." Mama Popo sikumtaja, nimesema tu "uso wa mtu fulani". Na nimeweka picha ya Mkaguzi. Ndiyo, picha. Sayansi Bila Mapambo imepata pambo.

Wasomaji mia mbili na kumi na wawili! Nimefungua ukurasa mara nyingi sana kuhakikisha, mpaka nikaingiwa na shaka kwamba nusu yao ni mimi.

Aliyeacha maoni ni mmoja tu. Mama Popo! Anasema amefurahi mno, sasa Jumamosi anaiona mbali. Ana swali dogo: nilipovaa ule uso na nilipokuwa bila uso, mavazi yalikuwa yale yale? Maana ndege anaweza kushika nguo akaacha uso.

Swali dogo! Mkunga anamfundisha mwalimu wa fizikia kupanga jaribio! Miaka thelathini na moja nimeandika ubaoni kwa chaki: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Leo niulizwe mimi habari za mavazi? Huo ni wivu mtupu. Nimefuta maoni yake.

Baadaye nikarudi kutazama. Maoni: sifuri. Palionekana pakavu sana.

Ijumaa, 22 Machi

Nimefagia ua. Nimetoa meza nje. Viti ninavyo viwili, cha tatu nimeazima kwa fundi cherehani. Ameuliza nani anakuja. Nikasema binti yangu na mgeni. Akauliza kama binti anajua. Nikauliza anajua nini. Akasema basi, hakuna, na akanisaidia kukibeba mpaka chini.

Koti nimelifuta mavi ya ndege, nimelipiga pasi. Siku ya wageni mtu avae koti. Uso nimeuficha juu kabisa kwenye kabati la dawa, mahali ambapo hakuna mtu atakayekuwa na sababu ya kufungua.

Binti amepiga simu, sauti imechoka na semina. Atafika saa nne. Amesema amenikumbuka. Nikamwambia aangalie mizigo yake kituoni.

Jumamosi, 23 Machi

Naandika nikiwa na bandeji kichwani. Nitaeleza kwa mpangilio.

Saa tatu na nusu binti kafika, mapema kuliko nilivyomtarajia, mimi bado niko na fulana, nafagia. Amekata nywele. Anafanana na mama yake mpaka nikasahau nilichotaka kusema. Tukakumbatiana ufagio ukiwa katikati. Kunguru wote tisa wakashuka. Akauliza, baba, hawa wote ni wako? Nikasema ndiyo. Tukakaa kwenye ngazi tukiwarushia mkate, naye akauliza maswali, swali juu ya swali, kama zamani. Dakika ishirini. Kila nilichowahi kuandika hakifikii dakika zile ishirini, na ningekuwa na akili ningeishia hapo.

Saa sita Mama Popo huyu hapa. Mfupi, kofia ya jua, mfuko wa ndizi. Mimi niko ndani, navaa, nachungulia dirishani. Akasimama katikati ya ua, uso juu, meno yote nje, vile vile kama pichani. Nikazuia pumzi. Kunguru wakamtazama. Mkaguzi akashuka, akamkagua kiatu, akala ndizi mkononi mwake.

Nikajiambia labda wanamvutia karibu kwanza. Nikafunga vifungo vya koti, nikatoka kumkaribisha.

Hatua tatu. Mmoja akalia kwenye antena, kisha wote. Walipita juu ya kofia ya Mama Popo hata wasiiguse, wakanijia mimi. Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu ziliisha zamani, kwa hiyo sikuwa na kinga yoyote. Nilizunguka ile meza mara tatu. Naambiwa nilikuwa nikipiga kelele kwamba si mimi, ni huyo, huyo mwenye kofia! Aliyenidonoa kuliko wote ni Mkaguzi.

Fundi cherehani ndiye aliyeelewa, kutoka juu kwenye ngazi. Kazi yake ni kutazama nguo. Akapaza sauti kwamba mwalimu vua koti. Nikalivua. Kimya. Mmoja akatua mbele yangu kuomba mkate.

Binti akakimbilia ndani kutafuta dawa ya kidonda. Nikamsikia akifungua kabati. Kisha nikawa simsikii. Akatoka na chupa ya dawa mkono mmoja, na uso wa Mama Popo mkono mwingine, matundu mahali pa macho.

Mama Popo akaupokea, akaugeuza huku na huku, akasema wamempanua pua. Kisha akaelewa. Alicheka mpaka akakikalia kile kiti cha kuazima bila kukaribishwa. Akanisafisha kichwa yeye mwenyewe, mkono mwepesi, huku akisema jaribio ni zuri kweli, ila nimebadilisha vitu viwili kwa pamoja. Niandike yote kama yalivyokwenda, wasomaji hupenda kosa la kweli kuliko ushindi. Akasema pia Alhamisi jioni anahesabu popo kwenye ghala la zamani, na anahitaji mtu wa kushika daftari. Niende.

Nikasema nitatazama ratiba yangu. Ratiba ya nini, sijui.

Binti hakucheka. Nilimsindikiza kituoni, mguu kwa mguu. Kituoni akaniambia polepole, wala hakuwa na hasira. Kiungo kile hakunitumia ili nione kwamba mama yule ananishinda. Alinitumia kwa sababu kila nikipiga simu naongea dakika arobaini kuhusu kutu, na yeye akisikiliza anajua kwamba kutwa nzima sijaongea na mtu. Alitaka niwe na wa kuongea naye hapa hapa. Alipomwona huyo mama anajibu kila mtu anayemwandikia, akaona huyu atamfaa baba. Anasema akimaliza zamu yake huwa anakaa akiniwaza.

Nilikuwa na la kumjibu.  Basi lake likafika, nikamwambia akae upande usio na jua.

Jumapili, 24 Machi

Nimetafakari tangu asubuhi. Nimelitambua kosa langu na nalikiri hapa kwa maandishi: lilikuwa ni koti. Jaribio lenyewe halina dosari.

Mama Popo ameshaandika. Uso wa kadibodi hakuutaja, jina langu hakulitaja. Ameandika kwamba kuna mwalimu mjini hapa anayewafahamu kunguru vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kukutana naye, na kwamba Alhamisi huenda akawa naye ghalani. Kufika adhuhuri wasomaji elfu tatu. Binti ameweka alama ya moyo.

Mbinu hiyo nimeiona mara moja. Popo wamemwishia utamu, sasa mnyama wake ni mimi! Nimemwandikia kwamba Alhamisi nina shughuli. Amejibu ndani ya dakika mbili kwamba hata Alhamisi nyingine ni sawa. Sijamjibu. Nimeusoma ujumbe mara nne.

Nimerudisha kiti. Fundi cherehani akasema kingeweza kubaki kule kule, wageni wanaweza kurudi, na hata yeye akishuka na chai yake atapata pa kukaa. Nikasema kitu cha mtu ni cha mtu. Nimekipandisha ngazi zote mwenyewe, nimekiweka mlangoni kwake, nimeshuka. Huku chini hakuna sauti yoyote ila friji.

Saa tisa binti akapiga. Akauliza kichwa. Nikasema kinaendelea vizuri. Kisha akasema kuna jambo alikuja nalo jana, ila siku haikumruhusu. Yupo mtu. Fundi wa mashine pale hospitalini, mpole, ana kazi yake na akili zake. Wana nia ya kuoana. Wangependa kuja mwezi ujao, wakae kwangu siku nne, nimfahamu.

Siku nne! Nikazihesabu kwenye vidole. Kisha nikawahesabu watu: watatu tena.

Nikauliza huyo bwana anapenda nini. Akasema anapenda wanyama, na makala yangu ya kunguru ameisoma mara mbili. Nikasema vizuri sana. Nikamwomba anitumie picha yake. Iliyo wazi, anayetazama mbele, isiwe na kivuli. Na aniambie siku hiyo anategemea kuvaa nguo gani, rangi na zote.

  Binti akasema hakutegemea kama ningetaka hata kumwona. Akasema, baba, umenifurahisha sana. Nikamwambia ni kawaida, mzazi lazima aujue uso wa mtu.

Picha imefika. Ana uso mwema. Dada wa duka la kuchapisha hufungua saa mbili.